PUNDA AFE, MZIGO UFIKE?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu, wanafunzi na wageni)



Nianze kwa kuishukuru Kamati kwa heshima hii. Nilipoarifiwa kwamba mwaka huu ni zamu yangu ya kusema, nilidhani nitatakiwa kuzungumza juu ya utumishi wa umma, jambo ambalo lingewapa usingizi mapema, hasa baada ya pilau tuliyokula. Lakini Kamati ikanitumia karatasi yenye swali kutoka kwa vijana wa Kidato cha Tatu. Wameona picha ya mwanamume mnene aliyepanda farasi mdogo, miguu yake ikining'inia karibu kugusa majani. Wamecheka, kisha wamebishana. Nusu ya darasa wanasema mtu yule anamwonea mnyama. Nusu ya pili wanasema mnyama ameumbwa abebe. Kwa kuwa wamesikia kwamba nilisomea mifugo kule Morogoro, na kwamba ndiyo kazi inayonipa riziki, wameniomba niwaamue.

Nitawaamua. Lakini nawaonya mapema kwamba jibu la swali hilo halitaishia kwenye picha. Litatutoa hapa ukumbini, litatupitisha getini na kutupeleka Kariakoo, na huko litanidai mimi mwenyewe deni la siku nyingi.

Kwanza tumtazame farasi. Wengi wetu tukimwona farasi mdogo hudhani ni mtoto wa farasi. Sivyo. Zipo aina za farasi ambao wakikomaa kabisa huwa wafupi. Farasi hupimwa kutoka ardhini hadi juu ya mabega, pale shingo inapoungana na mgongo. Akiwa hafiki sentimita 148 hivi, watu wa farasi humwita poni. Na msidhani kwamba kupanda wanyama hao ni mchezo wa watoto wa Ulaya tu. Katika kisiwa cha Iceland farasi wao aghalabu ana kimo cha sentimita 135 hadi 145 na uzito wa kilo 330 hadi 380, na wanaume na wanawake wazima humpanda katika baridi na mawe. Wenyeji huchukia sana kusikia anaitwa poni. Kwao yeye ni farasi, basi. Jeshi la Wamongolia lililotikisa Asia nzima katika karne ya 13 lilipanda farasi wa kimo hicho hicho. Na karibu na kwetu, huko Lesotho, hadi leo mtu mzima aliyejifunika blanketi lake hupanda milima juu ya farasi mdogo wa Kisotho, ambaye Waingereza walimsifu na kumnunua kwa wingi walipopigana na Makaburu tangu 1899 hadi 1902.

Je, wote hao ni waonevu? La hasha. Farasi wa aina hizo huwa na mgongo mfupi na mpana, kiuno kilichojaa, na mifupa ya miguu iliyo minene ukilinganisha na mwili wake. Kwa hiyo farasi mfupi wa namna hiyo anaweza kumshinda kwa ubebaji farasi mrefu mwenye miguu myembamba. Miguu ya mpandaji kuning'inia karibu na ardhi inachekesha macho, lakini haimwumizi farasi hata kidogo.

Kinachomwumiza ni uzito, na uzito haupimwi kwa macho. Wapanda farasi wa zamani walikuwa na kanuni kwamba mnyama asibebe zaidi ya sehemu moja kwa tano ya uzito wake, yaani asilimia 20, pamoja na tandiko. Kanuni hiyo imekuja kupimwa na wataalamu. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa 2008, farasi wanane walibebeshwa mizigo ya asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Ilipofika asilimia 25 na 30, mapigo ya moyo yalizidi na misuli ikauma baada ya kazi kuliko walipobeba mizigo midogo. Baadaye wataalamu wa Iceland waliwapima farasi wao wenyewe, wakachapisha matokeo yao 2017. Waliona kwamba si farasi wote walioanza kuelemewa mahali pamoja. Mmoja alianza kuelemewa kwenye asilimia 17, mwingine akafika asilimia 27 hivi.

Vijana, tufanye hesabu pamoja. Farasi ana kilo 350. Asilimia 20 ni kilo 70. Tandiko na vifaa vyake tuseme ni kilo 10. Kwa hiyo mtu wa kilo 60 anapanda bila wasiwasi. Mtu wa kilo 75 amevuka kanuni kidogo. Inambidi amjue farasi wake, apunguze mwendo na kumpumzisha. Mtu wa kilo 110, kama mimi nilivyonenepa kwa kukalia kiti cha ofisi, na ashuke atembee. Wamongolia niliowataja walijua hesabu hiyo bila kalamu. Askari mmoja alisafiri na farasi kadhaa, akimwacha aliyechoka na kumpanda aliyepumzika.

Basi hukumu yangu kwa Kidato cha Tatu ni hii. Nyote mmekosea, kwa kuwa mmebishana bila kuuliza swali moja: yule mnyama ana kilo ngapi, na yule bwana ana kilo ngapi? Mwenye kumhurumia mnyama hakupima, na mwenye kusema ameumbwa abebe naye hakupima.

Sasa tuje nyumbani. Hapa katikati ya Dar es Salaam hamtakutana na farasi mitaani, labda mwaone wale wa Jeshi la Polisi. Farasi wetu mdogo wa Afrika Mashariki ni punda. Zamani matajiri wa Unguja na wa miji ya pwani walipanda punda wakubwa weupe kutoka Maskati, na maofisa wa Kijerumani walipokuja wakawapanda vilevile. Huko Lamu, ambako njia za mji ni nyembamba mno kwa magari, mtu mzima kwenda kwenye shughuli zake juu ya punda ni jambo la kila siku, na mashindano ya mbio za punda ni sherehe ya mji mzima. Lakini punda wetu wa kawaida ana kilo 130 au 150 tu. Shirika la Kiingereza la The Donkey Sanctuary, ambalo limekuwa likiwatibu punda wa Lamu tangu 1987, hushauri kwamba punda wa kimo cha kawaida kwao asipandwe na mtu anayezidi kilo 50 hivi. Wanaume wazima wangapi wana kilo 50? Nasi tunao msemo wetu, punda afe, mzigo ufike, na tunausema huku tukicheka.

Mtaniuliza: kwa nini sisi hatukuwa na farasi kama Wasotho? Jibu ni wadudu. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, huwaambukiza farasi nagana. Visubi nao huwaambukiza maradhi mengine yanayoitwa maradhi ya farasi ya Afrika, na haya huua upesi zaidi. Mwaka 1871 Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili na punda zaidi ya ishirini. Farasi wote wawili walikufa mwanzoni tu mwa safari. Watu wakatafuta mnyama mwingine. Kulikuwa na daktari mmoja wa Nairobi, Rosendo Ribeiro, mtu wa Goa, aliyemfuga punda milia mwanzoni mwa karne iliyopita na kumpanda akienda kuwatazama wagonjwa wake. Picha yake ipo hadi leo, bwana mwenye kofia na ndevu, ametulia juu ya mnyama wa porini. Lakini punda milia ni mkaidi, na wachache waliothubutu kumfundisha hawakufika mbali.

Basi mizigo ilibebwa na nani? Ilibebwa na watu. Mpagazi wa msafara wa zamani alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 kwa kadiri, kichwani au begani, kutoka pwani hadi maziwa makuu. Kisha ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Jeshi la Uingereza lilileta nchini kwetu farasi, nyumbu na punda, nao wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa mbung'o na visubi. Jemadari hawezi kusimamisha vita kwa sababu ya nzi. Mnyama alipoanguka, mzigo wake ulitwikwa mtu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi walioandikwa au kukamatwa kwa nguvu wakati wote wa vita hukadiriwa kuwa karibu milioni moja. Waliokufa, wengi wao kwa kuhara, homa, njaa na uchovu, hawakupungua 90,000.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko hapa mjini kabla ya vita. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, mahali hapo pakawa kambi ya wapagazi. Babu zetu wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nao wana mahali pao penye jina hilo hilo. Ukipita leo Mtaa wa Narung'ombe au Mtaa wa Mahiwa kutafuta vitenge na vyombo, kumbuka kwamba hayo ni majina ya mahali Kusini palipopiganwa vita vikali mwaka 1917, na kwamba kila risasi iliyolia huko ilifikishwa na kichwa au bega la mtu.

Natoka nje kidogo ya nchi ili mpate kuona jambo moja. Uingereza, mwaka 1842, Bunge lilipiga marufuku wanawake na watoto wa kiume wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe. Kazi yao ya kuvuta vitoroli ikazidi kufanywa na farasi wadogo, miongoni mwao wale wa Shetland, ambao hawazidi sentimita 107 na huweza kupita katika njia za chini. Kule farasi mdogo aliingizwa mahali pa mtoto. Kwetu, miaka sabini na kitu baadaye, mtu aliingizwa mahali pa farasi. Sisemi hili ili tuwachukie watu waliokwisha kufa. Nalisema kwa sababu kazi ile bado ipo, hapo nje.

Ndugu zangu, sasa nalipa deni langu.

Baadhi yenu mliosoma nami mko hapa. Hamkujua kwamba baba yangu alikuwa msukuma mkokoteni Kariakoo. Alitoka Singida akiwa kijana, na kwa miaka mingi alihamisha magunia kutoka kwenye malori hadi kwenye maduka na masoko ya jirani. Pale mkokoteni usipopita, alibeba kwa mgongo. Ada yangu ya shule ilitoka hapo, pamoja na sare na madaftari yangu.

Siku moja, tukiwa Kidato cha Pili, tulitoka shuleni kundi la watu watano, tukakata kupitia Mtaa wa Msimbazi. Mbele yetu mkokoteni ulikuwa umekwama kwenye shimo, umejaa viazi, na mwenye kuuvuta alikuwa ameinama kiasi kwamba uso haukuonekana. Mmoja wetu akapiga kelele, "Punda huyo!" Wote wakacheka. Yule mtu akainua kichwa. Alikuwa baba. Tulitazamana. Nami, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja na wenzangu, nikapita.

Jioni aliporudi nyumbani hakusema neno. Aliniuliza tu kama nimekula. Hakulitaja jambo lile hata siku moja, na mimi sikuliomba radhi. Nilidhani wakati utalifuta.

Miaka kadhaa baadaye, chuoni, tukafundishwa kanuni ile ya asilimia 20. Nilikuwa nikiandika kwenye daftari, kalamu ikasita. Baba alikuwa na kilo 60 na kidogo. Gunia la lumbesa, lile linalojazwa hadi juu na kushonewa kilemba, huzidi kilo 100. Sikuhitaji mashine ya hesabu. Mwalimu alikuwa akitueleza kwamba farasi aliyebebeshwa asilimia 30 ataumwa misuli kesho yake, na baba alikuwa akibeba zaidi ya asilimia 150, kutwa nzima, siku sita za juma.

Likizo iliyofuata nilimkuta amelala sakafuni kwa sababu godoro lilimwumiza mgongo. Nikamsimulia habari za farasi na vipimo vyao. Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Na akichoka, huyo farasi, wanajuaje?" Nikamwambia kwamba hupunguza mwendo, hutupa mkia, hulaza masikio, mwisho husimama. Baba akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ana nafuu, mwanangu. Yeye akisimama watu wanajua amechoka. Mimi nikisimama huitwa mvivu."

Nikamwomba radhi kwa ile siku ya Msimbazi. Akaniambia kwamba alikwisha kusahau. Najua hakusahau, nami sikusahau. Alifariki kabla ya kuniona nikisimama mahali hapa, lakini nimeona ni haki niseme mbele yenu ninyi mliocheka pamoja nami, kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyejua tunamcheka nani.

Sasa nirudi kwenye mambo ya kutenda, maana hotuba ya majuto bila kazi ni kelele.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtwika mnyama mzigo unaozidi uwezo wake ni kosa, na ni vizuri iwe hivyo. Tunazo pia sheria za vipimo, ambazo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, hasa kwa ajili ya kumlinda mkulima asipunjwe. Lakini hata gunia halali la kilo 100 likiwekwa juu ya mgongo wa mtu wa kilo 60 bado ni lumbesa kwake. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mzigo anaobeba mwanamume mzima kwa nguvu zake usizidi kilo 55. Hesabu hiyo si ngeni wala si ngumu.

Wenzangu, humu mna wafanyabiashara wenye maduka na maghala Kariakoo. Nawaomba mfungashe kwa kilo 50. Najua mtaniambia kwamba mfuko mmoja zaidi ni gharama, na kwamba mbebaji mwenyewe hupenda gunia kubwa kwa kuwa analipwa kwa gunia. Ni kweli. Basi mlipeni kwa kilo, msimlipe kwa gunia, na mtaona kama atalilia gunia kubwa. Mwekeni toroli lenye magurudumu mazima pale mlangoni. Mpeni maji na mahali pa kukaa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu sisi tunaoutazama tu, kila gunia ni usufi.

Na ninyi vijana wa Kidato cha Tatu, endeleeni kubishana, ndiyo elimu hiyo. Mkiona mtu mzima juu ya farasi mdogo, msicheke mkaishia hapo. Ulizeni uzito wa aliye juu, ulizeni uzito wa aliye chini, ulizeni kama wa chini anaruhusiwa kusimama. Kisha jiulizeni ninyi wenyewe mmekaa juu ya mgongo wa nani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefika kwenye dawati hili kwa miguu yake peke yake. Mwingine kabebwa na jembe la mama, mwingine na sufuria ya maandazi, mwingine na mkokoteni. Kubebwa si aibu. Aibu ni kumpita aliyekubeba kana kwamba humjui.

Leo jioni tukitoka hapa, wengi wetu tutapita Kariakoo kutafuta daladala. Mtawakuta, wameinama. Wapisheni njia, na muwaamkie. Aliye na umri wa baba yenu mwambieni shikamoo. Atashangaa, lakini ataitika.